Mchumba wangu Mreno ni Mkatoliki ila misa haendi, na mama yake ameshaniwekea nadhiri ya Fátima

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, Mkatoliki, nimekulia Marangu, jumuiya na kwaya ndio maisha yangu. Nipo Lisbon nasoma na nina mchumba Mreno, tunataka kuoana. Anasema ni Mkatoliki lakini misa haendi, labda Krismasi na mazishi. Mama yake ni wa Braga, huyo alitembea kwa magoti pale Fátima, mahali pa hija ya Bikira Maria, mpaka yakavimba halafu akachoma mguu wa nta kwa ajili ya dada yake anayeumwa, mimi nikaona kama mambo ya waganga. Sasa ananiambia alishaweka nadhiri zamani kwamba mwanae akipata mke, wote wawili tutatembea kwa miguu kutoka Lisbon mpaka Fátima mwezi wa tano. Baba yake ni wa Alentejo, padri hataki hata kumuona, anasema mapadri walikuwa watu wa Salazar, yule dikteta wao wa zamani, yeye anataka ndoa ya serikali basi. Hawa si ndio waliotuletea dini? Ni Wakatoliki kweli au naingia kwenye familia ya wapagani wenye rozari? Na hiyo nadhiri inanifunga?"

Marahaba dada yangu. Nianze na la mwisho maana naona ndilo linakunyima usingizi: hapana, haikufungi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1193, inasema nadhiri humfunga yule tu aliyeiweka. Mama mkwe wako mtarajiwa anaweza kuahidi miguu yake mwenyewe, ya kwako hawezi, na ya mwanae mtu mzima pia hawezi. Nitarudi kwenye namna ya kumwambia bila kuvunja heshima, kwa sababu hapo ndipo pagumu.

Sasa hilo kubwa, kama ni Wakatoliki kweli. Mimi si padri, ni mwalimu wa historia ya Kanisa na Ureno nimeisoma kwa miaka mingi, na nikikusoma naona kwamba unawapima Wareno kwa kipimo cha Kilimanjaro. Kwetu Mkatoliki anajulikana kwa jumuiya ndogo ndogo, anajulikana kwa zaka, kwaya, WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), akikosa misa Jumapili tatu kuna mtu atagonga mlango kuuliza kama anaumwa. Ureno hakuna kitu hicho. Kule mtu anazaliwa ndani ya Ukatoliki kama anavyozaliwa ndani ya ukoo, na ukoo hauutoki kwa kukosa vikao. Sensa ya 2021 iliuliza dini (swali lenyewe ni la hiari), na katika waliojibu, wenye miaka 15 na zaidi, kama asilimia 80 walisema ni Wakatoliki. Lakini Kanisa lenyewe lilipowahesabu waliokuwa misani Jumapili moja mwaka 2001 halikufikisha watu milioni 2, yaani chini kidogo ya mtu 1 kati ya 5 wa nchi nzima, na tangu hapo hali haijapanda. Kwa hiyo mchumba wako si kituko, yeye ndiye Mreno wa kawaida kabisa. Kuna msemo wao wa kila siku, católico não praticante, yaani Mkatoliki asiyeshiriki ibada, na mtu anautamka bila aibu yoyote, anakueleza tu mahali alipo.

Ila usikimbilie kusema basi ni jina tupu, hapo ndipo wageni wengi tunapokosea. Angalia imani yao inakaa wapi. Inakaa kwa marehemu: mtu akifa, misa ya siku ya saba inajaa watu ambao hujawahi kuwaona kanisani, na tarehe 1 Novemba makaburi nchi nzima yanafunikwa na maua ya krisanthemumu, watu wanasafiri kutoka Ufaransa na Uswisi kuja kusafisha kaburi la bibi. Inakaa kwa watakatifu pia, nenda Lisbon usiku wa tarehe 12 Juni uone mji unavyokesha kwa ajili ya Mtakatifu Antoni, huyu tunayemwita wa Padua ambaye wao watakukatalia mpaka kesho kwa sababu alizaliwa Lisbon, na Porto tarehe 23 wanafanya hivyo hivyo kwa Mtakatifu Yohane. Inakaa kwa wasimamizi wa ubatizo: mtoto anampelekea msimamizi wake maua Jumapili ya Matawi, na Pasaka msimamizi anamrudishia folar, mkate mtamu wa sikukuu, na uhusiano huo unaendelea hata mtoto akiwa na ndevu. Na kule kwao mama mkwe, mkoa wa Minho, siku ya Pasaka msalaba unatolewa kanisani ukiwa umepambwa na unapita nyumba kwa nyumba, kengele inalia mbele, mlango umemwagiwa maua na majani, familia nzima inapanga mstari kuubusu, hata yule mjomba ambaye misa hajaiona tangu harusi yake. Kama utakuwa Braga Pasaka ijayo simama mlangoni na wewe, utamwelewa mama huyo kwa nusu saa kuliko kwa maelezo yangu yote.

Halafu inakaa kwenye ahadi. Wao wanaita promessa na ndiyo moyo wa dini ya watu wa kawaida kule. Mtoto anaumwa, mume yuko vitani Angola, meli ya uvuvi haijarudi, mama anamwambia Bikira Maria, nisaidie hili na mimi nitakuja kwako kwa miguu, au nitazunguka kanisa lako kwa magoti, au nitakuletea mshumaa mrefu kama mwanangu. Likitimia lazima alipe. Ule mguu wa nta uliouona unauzwa hadharani Fátima, kuna mikono, vichwa, matiti, watoto wachanga, na unachomwa pamoja na mishumaa mingine mahali maalumu karibu na Kikanisa cha Matokeo, pale inapoaminika Bikira Maria alitokea. Ile njia laini ya marumaru aliyopita kwa magoti imetengenezwa makusudi, ipo wazi kwa kila mtu, haijifichi. Hakuna mganga hapo dada. Ule mguu hauna nguvu na hakuna anayedai unayo, ni namna ya kusema huu hapa ndio mguu ninaokuombea Mama, uangalie. Tofauti ya sala na ushirikina Kanisa limeieleza vizuri, ushirikina unaanza pale mtu anapoamini tendo lenyewe linafanya kazi bila moyo na bila Mungu, kwamba ukishapiga magoti mita kadhaa mbingu haina ujanja, ina deni na wewe. Je wapo Wareno wanaofikiri hivyo? Wapo, kama walivyopo kwetu wanaomwaga maji ya baraka kwenye kona nne za duka. Ila huwezi kujua moyo wa mama kwa kuangalia magoti yake. Muulize. Muulize dada yake anaumwa nini na siku ile alisali nini, maana ninavyowajua kina mama wa Minho atakueleza kwa machozi na utapata jibu lako.

Twende kwa baba, na hapa naomba uwe na subira maana hasira yake ina historia ndefu na sehemu kubwa ana haki.

Ureno ni nchi mbili kwenye dini. Kaskazini, Braga na vijiji vyake, watu walikuwa na vishamba vyao vidogo vidogo, kila kijiji na kanisa lake na padri wake, na padri mwenyewe ni mtoto wa jirani aliyepelekwa seminari. Kusini, Alentejo, ardhi ilikuwa ya mabwana wachache, mashamba makubwa mtu anatembea asubuhi mpaka jioni hajayamaliza, na wanaolima ni vibarua wasio na hata kipande. Parokia zilikuwa kubwa sana na mapadri wachache, tena padri akija anafikia kwa bwana shamba, anakula mezani kwa bwana shamba. Mwaka 1834 serikali ikafunga nyumba za watawa wa kiume nchi nzima, mali zao zikauzwa, wakanunua wenye pesa, kibarua akabaki pale pale ila sasa hata mtawa wa kumgawia supu hayupo. Kwa hiyo mtu wa Alentejo ambaye haingii kanisani si lazima awe amemkataa Mungu, mara nyingi tangu babu yake kanisa halikuwahi kuwa lake. Wengi waliweka tumaini lao kwenye chama cha Wakomunisti, na mauaji ya Catarina Eufémia, kibarua wa kike aliyepigwa risasi na askari mwaka 1954 kule Baleizão akidai mshahara, yanasimuliwa mpaka leo kwenye nyumba kama za kina baba mkwe wako.

Juu ya hapo weka siasa. Oktoba 1910 mfalme akaondolewa, Jamhuri ikaingia na ikaliandama Kanisa haswa, mashirika ya kitawa yakafukuzwa, sheria ya talaka ikatoka mwaka huo huo, na Aprili 1911 ikaja Sheria ya Kutenganisha Kanisa na Serikali ambayo chini yake maaskofu kadhaa waliondolewa majimboni kwao. Katikati ya moto huo ndipo watoto watatu wachunga kondoo, Lúcia na binamu zake Francisco na Jacinta, wakasema wamemuona Bibi, yaani Bikira Maria, pale Cova da Iria huko Fátima, tarehe 13 Mei 1917. Mwezi wa nane kiongozi wa serikali wa wilaya aliwachukua na kuwashikilia watoto wale ili wakane, hawakukana. Oktoba tarehe 13 makumi elfu ya watu walisimama kwenye mvua na matope pale na hata gazeti kubwa la Lisbon lisilo rafiki wa Kanisa, O Século, likaandika kilichoonekana. Ndiyo maana kwa mtu kama mama mkwe Fátima ni zaidi ya mahali pa hija, ni siku ambayo watu wadogo walisimama serikali ikiwa kinyume nao. Askofu wa Leiria alisubiri mpaka 1930 ndipo akatamka kwamba matokeo yale yanastahili kuaminiwa, na hata hivyo Mkatoliki halazimishwi kuyaamini.

Halafu akaja Salazar. Huyu alisoma seminari Viseu, na rafiki yake wa Coimbra waliyeishi nyumba moja, Manuel Gonçalves Cerejeira, akawa Patriaki wa Lisbon, yaani askofu mkuu wa pale, kuanzia 1929. Mwaka 1940 wakatiliana saini Mkataba na Vatikano. Kanisa likarudishiwa heshima na nafasi mashuleni, na kwenye makoloni misheni zikapewa pesa na serikali ili zifundishe watu kuwa Wareno. Na kuna kifungu kimoja ambacho nadhani ndicho kinamsumbua baba bila hata yeye kukutajia: aliyefunga ndoa kanisani baada ya hapo alihesabiwa amejinyima haki ya talaka ya serikali. Fikiria sasa watu walioachana wakaanza maisha mengine, hawawezi kuoa tena, watoto wanaozaliwa wanaandikwa haramu kwenye makaratasi ya serikali, miaka inakwenda, mpaka Mapinduzi ya Mikarafuu ya 1974 yaliyouangusha utawala ule, na kifungu kikabadilishwa Februari 1975. Kila familia ya umri ule ina shangazi au mjomba aliyepitia hayo. Mzee anaposema "ya serikali basi" inawezekana anakulinda wewe na mwanae na kitu ambacho leo hakipo tena. Mwambie kwa upole, kwa mkataba mpya wa 2004 ndoa ya kanisani inatambuliwa na serikali kama nyingine yoyote na mlango wa sheria ya kiraia haufungwi.

Lakini usikubali na yeye akuambie mapadri wote walikuwa wa Salazar, si kweli. Askofu wa Porto António Ferreira Gomes alimwandikia Salazar mwaka 1958 kumweleza hali ya maskini, akaishia kuishi uhamishoni miaka 10, kuanzia 1959 hadi 1969. Mwisho wa Desemba 1972 Wakatoliki walijifungia kwenye kanisa dogo la Rato hapo hapo Lisbon kusali na kufunga kupinga vita vya makoloni, polisi wakaja kuwatoa. Sisi Watanzania tunaoijua vita ya Msumbiji kutoka upande wa pili wa Ruvuma tunapaswa kukumbuka kwamba Mapadri Weupe, shirika la wamisionari wa Afrika, waliondoka Msumbiji mwaka 1971 kwa kukataa kufunika yaliyokuwa yanafanyika, na mauaji ya Wiriyamu ya Desemba 1972, askari wa Ureno walipoua wanakijiji, dunia iliyajua kwa sababu wamisionari waliyaandika wakayatoa nje. Na kidonda cha karibuni zaidi usikikwepe akikitaja: Februari 2023 tume huru iliyoombwa na maaskofu wenyewe ilitoa ripoti, ilithibitisha shuhuda 512 za walionyanyaswa kingono wakiwa watoto na ikakadiria waathirika wasiopungua 4,815 tangu 1950. Mtu akikuambia hiyo ndiyo sababu haendi misa, msikilize tu, usianze kujibu.

Na hili la "ndio waliotuletea dini", niliseme kwa kifupi. Wareno walifika Mombasa na Malindi 1498, mapadri Waagustino wakawa na nyumba yao Mombasa miaka ya 1590, lakini ukristo ule wa pwani ulisambaratika pamoja na ngome zao, ulioendelea ni wa Wagoa, Wakatoliki wenye asili ya Goa, India. Imani ya Marangu ilipitia Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu wengi wao Wafaransa, wakapanda Kilema huko Kilimanjaro miaka ya 1890. Kwa hiyo huna deni kwao na wao hawana la kwako, mnakutana kama ndugu wa mbali.

Sasa mambo ya kufanya. Kwa sheria ya Kanisa mchumba wako kama amebatizwa ni Mkatoliki, haijalishi misa anakwenda au haendi, kwa hiyo hii si ndoa ya mseto, na nyote wawili mnatakiwa kufunga ndoa kwa utaratibu wa Kanisa. Mkifunga ya serikali peke yake, kwa Kanisa hamjaoana, na wewe unayeishi kwa komunyo utaumia kuliko yeye, hilo mwambie sasa hivi na si baada ya kulipia ukumbi. Usimwombe aende misa ili akufurahishe, Mreno atakwenda miezi mitatu halafu ataacha. Muulize maswali yenyewe: unaamini Mungu yupo? Unaweza kuapa mbele ya padri kwamba hii ndoa ni ya maisha, kwa uaminifu, na tutapokea watoto, na ukamaanisha? Watoto tutawabatiza na nani atawafundisha kusali? Mimi nikienda misa kila Jumapili utanisindikiza hata mlangoni au utaninunia? Mtu asiyefika kanisani akajibu hayo kwa ukweli ana nafasi kubwa ya ndoa halali. Akikuambia wazi kwamba imani ameiacha kabisa, bado inawezekana ila paroko atahitaji ruhusa ya askofu, na hapo usiamue mwenyewe kwa kusoma mtandaoni, nenda mkaonane naye ana kwa ana.

Njia ya tatu ipo pia, kutokuoana, na siisemi kukutisha. Kama kwako sala ya pamoja nyumbani ni kitu usichoweza kuishi bila hicho, na yeye amekuambia kwa uaminifu kwamba hatakupa, basi hakuna padri wala mama mkwe atakayekijaza hicho kipengele baadaye. Nimeona ndoa za namna hii zikidumu vizuri sana na nyingine upande mmoja unasali peke yake miaka 20 kwa uchungu. Wewe ndiye unayejua uko upande gani.

Mkikubaliana, anzeni mapema. Wewe utahitaji cheti cha ubatizo kipya kutoka parokia yako, cha miezi 6 ya karibuni, chenye kuonyesha kama hujawahi kufunga ndoa, na barua za parokia zetu unajua zinavyochelewa. Mtapita Conservatória, ofisi ya usajili wa kiraia, ili serikali ithibitishe hakuna kizuizi, na mtahudhuria mafundisho ya ndoa wanayoyaita CPM. Mtafute mapema na wasimamizi wa ubatizo wa mtoto wa baadaye (najua ni mapema mno lakini nisikilize), kwa sababu kule wengi hawana kipaimara na sheria inakitaka, ugomvi wa familia nyingi unaanzia hapo. Masuala ya kibali cha kuishi usiyachanganye na paroko, hayo mpelekee mwanasheria. Na kama kuna mtu yeyote, iwe mchumba au mzazi wake, anayekushika pasipoti, anayekutishia makaratasi au anayekuharakisha kusaini usichokielewa, simama hapo hapo na umwone mwanasheria au ubalozi kabla ya padri.

Tumalizie nadhiri. Usimwambie mama "hainihusu", hata kama kisheria ndivyo. Kwake ile ni deni na anaogopa kufa hajalilipa, tena huenda anaogopa kwamba asipolilipa mwanae ndiye atakayeumia, na hofu hiyo ndiyo inahitaji kutibiwa. Mwombe mwende wote kwa paroko wake wa Braga, si padri mgeni, yule anayemwamini. Kanuni ya 1196 inampa paroko uwezo wa kumwondolea mtu nadhiri ya binafsi kwa sababu ya haki, na kuna nafasi pia ya kuibadilisha iwe tendo jingine. Akilisikia kwa padri wake litamtoka moyoni kuliko akilisikia kwako.

Na ukitaka kutembea kwa hiari yako, hilo ni jambo jingine na sikukatazi. Kutoka Lisbon ni kilomita 130 hivi, wengi wanatumia siku 4 au 5, Mei barabara zinajaa watu waliovaa vizibao vinavyong'aa na wapo wa kukukanda miguu njiani. Ila kwa mwaka wa kwanza mimi ningekushauri umpe mama tarehe 12 na 13 Agosti badala ya Mei, ndiyo hija ya wahamiaji pale Fátima, Wareno wa ughaibuni wamerudi likizo na wageni kama wewe mna nafasi yenu. Nendeni kwa basi, usiku ule mshike mshumaa pamoja kwenye maandamano ya rozari, na mchumba aje naye, hata kama atasimama nyuma kabisa na mikono mfukoni.